Umeme Unaorudi Nyuma

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani,

Ninyi mwatujua kwa mbali. Umeme ukikatika mnatuona tukipita na lori lenye ngazi, na walio zamu ya usiku hutulaumu kwa kuchelewa. Hatuna kinyongo kwa hilo. Lakini liko jambo ambalo halisemwi katika mikutano ya matawi yetu, nalo ni kwamba uhai wa fundi aliye juu ya nguzo mara nyingi umo mikononi mwa mtu aliye ndani ya kiwanda, umbali wa kilomita kadhaa, ambaye hana habari kwamba kuna mtu juu. Mtu huyo ni yule anayewasha jenereta.

Ndiyo sababu sisi mafundi wa laini wa upande wa Jinja tumeomba nafasi katika ukurasa huu. Twataka kueleza kazi yetu ilivyo, kisha tuwaombe jambo moja.

Kazi ya laini hapa Uganda si ya jana. Halmashauri ya umeme, UEB, iliundwa mwaka 1948, na bwawa la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale, likafunguliwa mwaka 1954. Kutoka hapo nyaya zilitandazwa kwenda Kampala na Tororo, na mwaka 1958 umeme wa Jinja ukaanza kuvuka mpaka kwenda Kenya. Mwaka 2001 UEB iligawanywa kuwa kampuni tatu. Mwaka 2005 kazi ya kusambaza umeme ilikodishwa kwa kampuni ya Umeme kwa miaka 20, na mkataba ulipokwisha mwezi Machi 2025 kazi hiyo ikarudi kwa kampuni ya serikali, UEDCL. Majina yaliyoandikwa kwenye milango ya malori yamebadilika mara nyingi kuliko nguzo zenyewe.

Umeme utokao mitamboni hupandishwa nguvu ili usafiri mbali bila kupotea sana njiani. Laini kubwa za minara ya chuma huchukua volti 132,000 na zaidi. Ile itokayo Karuma ni ya volti 400,000. Zikikaribia miji na mashamba, nguvu hupunguzwa katika vituo vya kupoza umeme hadi volti 33,000 au 11,000, na hizo ndizo laini za nguzo za miti mnazoziona zikipita juu ya chai na miwa. Mwisho, transfoma iliyo karibu na kiwanda huushusha umeme hadi volti 415 kwa mashine na 240 kwa taa. Sisi tunaoandika hapa ni watu wa nguzo za miti.

Nguzo ya mkaratusi hutiwa dawa kabla ya kusimamishwa, na karibu sehemu moja ya sita ya urefu wake huzikwa ardhini. Kuoza kwake huanzia pale inapokutana na udongo, mahali ambapo macho hayafiki mpaka uchimbe. Basi fundi hapandi kabla ya kuigonga kwa nyundo. Nguzo nzima hulia, na iliyooza ndani hutoa sauti nzito isiyo na mwangwi, kama ya kupiga gunia. Ukiwa na shaka, unachimba kidogo kuizunguka shina na kuidunga kwa bisibisi. Nguzo mbovu yaweza kusimama miaka kwa sababu nyaya zinaishikilia huku na huku. Siku fundi anapokata waya wa upande mmoja ndipo inapoanguka, naye akiwa amejifunga kwa mkanda juu yake. Mkanda ule ule unaomzuia asianguke kutoka kwenye nguzo humfunga aanguke pamoja nayo.

Hilo la nguzo ni letu wenyewe, na twalimudu tukipewa muda wa kutosha. La umeme ndilo linalotuunganisha nanyi.

Kabla ya mtu kugusa laini kuna mambo manne ya kufanya, na kila fundi aliyefunzwa huyajua kama sala. Kwanza umeme hukatwa mahali panapoonekana kwa macho, kwa kufungua swichi iliyo juu ya nguzo au kwa kushusha fyuzi kwa fimbo ndefu isiyopitisha umeme. Halafu swichi hufungwa kwa kufuli na kutundikwa kibao, asije mtu mwingine akairudisha kwa nia njema. Kisha laini hupimwa. Kipimo chenyewe hujaribiwa kwanza kwenye kitu chenye umeme, ndipo laini ipimwe, halafu kipimo kijaribiwe tena, kwa maana kipimo kilichokufa husema laini imekufa. Mwisho hufungwa nyaya nene za kupeleka umeme ardhini, ambazo sisi huziita athi. Hayo yakiisha, msimamizi huwa na hati ya ruhusa, yaani pamiti, yenye jina lake na saa. Hapo ndipo mtu apande na mikono yake.

Athi hizo hufungwa pande zote mbili za mahali pa kazi: upande umeme unakotokea, na upande unakokwenda. Wengi wakisikia hivyo hushangaa. Umeme unatoka kituoni unakuja kiwandani. Tukiukata kituoni, huo wa upande wa pili utatoka wapi?

Utatoka kwenu. Transfoma haijui mbele wala nyuma. Ukiingiza volti 11,000 kwa upande mmoja, hutoa 415 kwa upande wa pili, na ukiingiza 415 kwa ule upande wa pili, hutoa 11,000 kule juu. Kwa hiyo jenereta ya kiwanda ikiunganishwa kwenye nyaya za kiwanda bila kwanza kutenganishwa na laini, umeme wake hupita kwenye transfoma kwa mlango wa nyuma, nguvu yake ikaongezeka kama mara 26, ukapanda kwenye nguzo na kusafiri kumfuata fundi. Hata jenereta ndogo ya dukani, ya kubebwa kwa mikono, hufanya vivyo hivyo.

Wako watu husema kwamba jenereta ndogo haina nguvu ya kufika huko, itazidiwa na mzigo wa majirani izimike. Mara nyingine ndivyo inavyokuwa. Lakini pale waya ulipokatika karibu na kiwanda, au tulipofungua swichi ili tufanye kazi, hakuna majirani wa kuizidi. Laini ile yote ni yake peke yake. Tena moyo wa mtu hauhitaji umeme mwingi. Taa ya kizamani ya wati 60 hunywa miliampia 250 hivi. Sehemu moja ya tano ya hizo ikipita kifuani kwa zaidi ya sekunde moja yaweza kuuvuruga moyo hata usisukume damu tena.

Tuliliona jambo hili kwa macho yetu msimu mmoja wa mvua. Mti ulikuwa umeangukia laini inayokwenda kwenye kiwanda cha chai, ambacho hatutakitaja. Swichi ilifunguliwa na kufungwa kufuli mbele yetu, pamiti iko mfukoni mwa msimamizi, mvua inanyesha, na simu kutoka ofisini inalia kila baada ya dakika kumi kuuliza umeme utarudi lini. Kijana mmoja katika kikosi akauliza kuna haja gani ya kupima tena. Mzee wetu wa kikosi hakumjibu. Aliinua fimbo ya kupimia akaielekeza kwenye waya, na ile taa ndogo ikawaka na kengele yake ikalia.

Tulikaa chini. Wawili wakaenda kwa miguu kuifuata laini hadi kiwandani, na kabla hawajafika kwenye lango walisikia jenereta. Ndani walimkuta kijana wa zamu, mtu mpole kabisa, ambaye aliogopa kuliko sisi tulivyoogopa alipoelezwa. Swichi ya kubadilishia umeme ilikuwa imeungua miezi iliyopita. Spea haikununuliwa. Aliambiwa aunganishe nyaya za jenereta moja kwa moja, na umeme wa laini aukate mwenyewe kwa swichi kuu kila mara. Siku hiyo majani yalikuwa yamekwisha kusagwa, na chai iliyosagwa haingoji mtu: ikikawia kuingia kwenye tanuri la kukaushia huchachuka kupita kiasi, ikawa ya kutupwa. Msimamizi wake alikuwa akimpigia kelele. Akawasha jenereta, na swichi kuu akaisahau.

Sisi hatumlaumu kijana huyo. Twamlaumu yule aliyehesabu bei ya swichi akaona ni kubwa kuliko bei ya mtu asiyemjua.

Swichi tunayoisema huitwa chenjiova. Kazi yake ni kwamba mkono wake ukiwa upande wa laini hauwezi kuwa upande wa jenereta, kwa kuwa ni chuma kimoja; haumtegemei mtu akumbuke. Huhitaji kuwa fundi ili uitambue. Tazama pale jenereta inapoingia kwenye ubao wa swichi. Ukiona mkono mmoja wenye alama tatu, laini, sifuri na jenereta, hali ni nzuri. Kwenye viwanda vikubwa yaweza kuwa kabati linalojibadilisha lenyewe, nalo lina kizuizi cha chuma au cha umeme ndani yake cha kufanya kazi ile ile. Ukiona swichi mbili zilizo mbalimbali na karatasi iliyobandikwa ikisema zima hii kwanza, hiyo ni hatari, hata karatasi ikiwa na muhuri wa meneja. Na ukiona waya wenye plagi za kuchomeka pande zote mbili, ambao watu wa maduka na nyumba za wageni hupenda kuutumia, usiuguse. Huo humuua anayeushika kabla haujatufikia sisi.

Siku hizi kuna pia sola. Inveta zilizotengenezwa kwa ajili ya kuunganishwa na gridi hujizima zenyewe laini ikifa. Zile za bei rahisi ambazo si za gridi, kisha fundi wa mtaani akaziunganisha kwenye nyaya za nyumba, ni jenereta isiyo na kelele, na sisi twaziogopa zaidi kwa sababu hiyo.

Si kwamba kiwanda hakiruhusiwi kupeleka umeme kwenye laini. Kiwanda cha sukari cha Kakira, hapa karibu nasi, huchoma makapi ya miwa na kuuza umeme kwenye gridi. Lakini umeme wa namna hiyo huingia kwa mkataba, kwa vyombo vya ulinzi, na kwa vyumba viwili vya usimamizi kupigiana simu. Fundi anajua tangu asubuhi kwamba laini ina chemchemi mbili, naye hukata kuwili na kufunga kufuli kuwili. Kinachoua ni umeme usio na taarifa.

Sasa neno kwa ndugu wa mashambani, maana hapo nyaya zetu ndizo hatari kwenu.

Katika mashamba yanayomwagiliwa maji, mabomba ya alumini ya kuhamishwa huwa na urefu wa mita sita hadi tisa, na waya wa volti 11,000 unaweza kuwa juu yako kwa mita sita hivi tu, tena hulegea zaidi mchana wa jua kali. Mtu akiinua bomba lisimame wima ili kumwaga maji au kumtoa panya aliyeingia ndani, hufika kwenye waya. Wala si lazima liguse. Likikaribia sana umeme huruka. Bomba libebwe na watu wawili, likiwa limelala, na yasirundikwe chini ya laini. Kuhusu kuchoma miwa, moshi mzito na ndimi za moto hupunguza uwezo wa hewa wa kuzuia umeme, hata umeme ukaruka kutoka waya hadi waya au kushuka ardhini. Anayesimamia uchomaji atuarifu mapema, na mtu asisimame chini ya nyaya wakati moto unapita.

Waya ukianguka, usidhani umekufa kwa kuwa hautoi cheche. Kwenye udongo mkavu wa changarawe umeme unaovuja huwa mdogo kiasi kwamba swichi ya kituoni haiuoni, nao waya hulala pale kama kamba. Tena swichi nyingi hujaribu kujirudisha zenyewe baada ya sekunde chache. Kaeni mbali, mita kumi au zaidi. Nguvu ya umeme hupungua ardhini hatua kwa hatua kutoka pale waya ulipogusa, kwa hiyo mguu mmoja waweza kuwa kwenye nguvu kubwa na mwingine kwenye ndogo, na umeme ukapita kati ya miguu. Ng'ombe hufa upesi zaidi kwa kuwa miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbalimbali. Ukijikuta u karibu, ondoka kwa kuburuza nyayo bila kuziachanisha. Mwenzako akishikwa, usimguse mpaka umeme ukatwe. Ukishakatwa, kama hapumui na moyo umesimama, msukume kifua mara moja, kwa nguvu na bila kukoma, na mwingine akimbilie msaada. Ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi.

Dakika hizo nne ndizo sababu sheria ya kazi yetu yataka wawe watu wawili au zaidi kwenye nguzo. Mmoja hupanda, mwingine hutazama, naye awe anajua kumshusha mwenzake. Lakini kazi nyingi siku hizi hutolewa kwa makontrakta, na kontrakta hutoa sehemu kwa mwingine mdogo, na huyo mdogo huchukua vibarua barabarani kwa malipo ya siku. Wao huchimba mashimo, husimamisha nguzo kwa mabega, huvuta waya, na kazi ikichelewa hupandishwa nguzoni. Kofia ngumu moja hupokezanwa na watu watatu. Glavu za mpira za umeme, ambazo zapasa kupimwa kila kipindi kwa kuwa tundu dogo kama la sindano latosha kuua, hununuliwa mara moja na kusahaulika.

Tulimzika mmoja wa vibarua hao. Alipofariki, mwenye kazi alimwonyesha kontrakta, kontrakta akamwonyesha yule mdogo, na yule mdogo akasema marehemu hakuwa kwenye daftari lake. Jeneza lilitokana na mchango wetu. Sheria ya Uganda ya fidia kwa wafanyakazi yasema mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazini, fidia ni mshahara wake wa mwezi mara 60. Lakini mara 60 ya nini, kama hakuna karatasi inayoonyesha mshahara? Mjane alirudi kijijini na shuka na viatu vya kazi.

Si mara ya kwanza katika kazi hii. Chama cha mafundi umeme cha Marekani kilianzishwa mwaka 1891 katika mji wa St. Louis, na miongoni mwa waanzilishi wake walikuwamo watu wa laini. Rais wake wa kwanza, Henry Miller, aliendelea kupanda nguzo, na mwaka 1896 alipigwa na umeme huko Washington, akaanguka akafa. Sisi twamkumbuka kila mara mtu anapotuambia kwamba kibarua wa siku si mtu wa chama. Rais yule wa kwanza alikuwa mpanda nguzo.

Kwa hiyo twayataka matawi yafanye mambo mawili. Vibarua wa laini waandikishwe, hata kama wanafanya kazi wiki tatu tu hapa na wiki tatu kule, na kila mmoja awe na karatasi ya malipo yenye jina la anayemlipa. Wasiojua kuandika wasaidiwe na katibu wa tawi. Na katika kila kiwanda chenye jenereta, kamati ya wafanyakazi iende ikaitazame swichi, iandike ilichokiona, iwasilishe kwa mwajiri kwa maandishi, nakala ibaki kwenye tawi. Kama mwendesha jenereta ataamriwa awashe bila chenjiova, ajue kwamba Mkataba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, katika kifungu cha 13, wamlinda mfanyakazi anayejitoa kwenye kazi akiwa na sababu ya kuamini kuna hatari kubwa iliyo karibu kwa uhai wake. Mwaka 2022 mkataba huo uliwekwa miongoni mwa ile ya msingi, ambayo kanuni zake kila nchi mwanachama yapasa kuziheshimu hata kama haijauridhia. Mkataba wataja uhai wa mfanyakazi mwenyewe. Kwamba aliye hatarini hapa ni mfanyakazi mwenzake juu ya nguzo, hilo ni la chama kulisimamia.

Na ukiona lori letu limesimama chini ya laini ya kiwanda chako, huku jenereta inanguruma, tafadhali toka uje utuambie inaingia kwa swichi ya namna gani. Hatutapanda mpaka tuwe tumekusikia.